Wembe Uliofika Bila Mpini: Historia ya Kunyoa Bahi na Ugogo

Katika maduka ya rejareja ya Bahi, wembe ni miongoni mwa bidhaa za bei ya chini kabisa. Hukaa rafu moja na kiberiti na pipi, umefungwa kwa karatasi nyepesi, na mtoto hutumwa kuununua pamoja na chumvi. Karne moja na nusu iliyopita, kwenye ardhi hiyohiyo, makali ya kunyolea yalitoka mikononi mwa mhunzi na yalikuwa mali ya kutunzwa.

Kushuka huko kwa bei kuna upande mwingine ambao hausemwi sana. Mmarekani aliyebuni wembe mwembamba wa kutupa aliubuni pamoja na mpini wenye kinga ya kuzuia makali yasizame mwilini. Viwili hivyo vilikuwa kifaa kimoja. Bahi na vijiji vingine vya Ugogo vilipata wembe mapema na kwa bei nafuu, lakini mpini ulibaki ghali, na nyumba nyingi hazijawahi kuwa nao. Ili kuelewa kwa nini kampeni za afya zilipigana na wembe kwa miaka mingi, lazima tuanze kabla ya wembe huo kuwapo.

Kabla ya 1850: Makali ya mhunzi

Bahi iko magharibi ya Dodoma, ndani ya Bonde la Ufa, chini ya ukingo wa miinuko ya Kilimatinde. Mto Bubu humwaga maji yake kwenye mbuga isiyo na njia ya kutokea. Masika mbuga hujaa. Kiangazi jua huyanywa maji na kuacha udongo wenye chumvi. Wagogo waliishi humo kwa ng'ombe, uwele na mtama, na chumvi ya mbugani ilikuwa sehemu ya biashara yao na majirani.

Chuma kilikuwa haba. Majembe mengi yalifuliwa magharibi, Usukuma na Unyamwezi, yakashuka mashariki kwa kubadilishana na mifugo na chumvi. Mhunzi aliyefanya kazi kwa tanuri la udongo, makaa na mivukuto ya ngozi alipata chuma laini, chenye taka za mawe ndani yake. Ili apate wembe alikipiga kipande kidogo hadi kikawa bapa, akakitia makali upande mmoja, kisha mwenye nacho akakinoa kwenye jiwe kila kilipotumika. Makali hayo hayakudumu, na kunyoa kichwa kimoja kulitaka subira ya anayenyoa na anayenyolewa.

Kwa sababu hiyo wembe haukuwa kifaa cha kila asubuhi. Wasafiri wa karne ya 19 waliwaelezea vijana wa Kigogo wenye nywele ndefu zilizosokotwa na kupakwa mafuta na udongo mwekundu. Kichwa kilinyolewa pale maisha yalipogeuka, mathalani mtoto alipozaliwa, kijana alipoingia jandoni, au msiba ulipopita nyumbani. Mganga alitumia makali kuchanja chale, na ngariba alikuwa na yake. Nyembe zilikuwa chache, watumiaji wengi, na kushirikiana lilikuwa jambo la kawaida na la busara. Desturi hiyo ya kushirikiana ndiyo itakayoleta shida baadaye.

1850 hadi 1890: Misafara na hongo

Katikati ya karne ya 19 Ugogo ilikuwa lango ambalo msafara wa kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haukuweza kulikwepa. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, Henry Stanley akapita 1871, na kati yao walipita maelfu ya wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa. Baada ya kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali, kila msafara ulihitaji maji na chakula, na watemi wa Ugogo waliitoza misafara hongo, mikubwa kwa midogo. Walilipwa kwa vitambaa, shanga na waya.

Waya huo wa chuma na shaba ulikuwa na maana kwa wahunzi, maana sasa walipata malighafi iliyokwisha kuyeyushwa na watu wa mbali. Pwani, wenye uwezo walikuwa na wembe wa kukunja wa Sheffield au Solingen. Ubora wake ulitokana na kazi ya Benjamin Huntsman, fundi wa saa aliyefanikiwa huko Sheffield, katika miaka ya 1740, kuyeyusha pua safi, yaani chuma kigumu, ndani ya vyungu vya udongo. Pua hiyo ilikuwa ngumu kuliko chuma laini cha mhunzi wa Ugogo.

Hata hivyo, namna ya kunyoa ilikuwa ileile kote duniani. London au Bahi, makali yalikuwa wazi, yalinolewa kwa jiwe au ngozi, na yalitaka mkono uliozoea. Mfaransa Jean-Jacques Perret alikuwa amependekeza kinga ya mbao kwenye makali tangu miaka ya 1760, na Mwingereza William Henson alichora wembe wenye umbo la jembe mwaka 1847. Mwaka 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe, New York, waliandikisha wembe wenye kinga. Lakini wembe wao bado ulikuwa mnene na ulihitaji kunolewa, kwa hiyo haukuiondoa kazi ya kinyozi.

1895 hadi 1914: Dola tano na njia ya reli

King Camp Gillette alikuwa mchuuzi wa vizibo vya chupa nchini Marekani. Mwajiri wake, William Painter, aliyebuni vizibo hivyo, alimshauri atafute kitu ambacho mtu hukitumia, hukitupa, kisha hununua kingine. Mwaka 1895, akinyoa kwa wembe uliokwisha makali, Gillette aliwaza kipande chembamba cha pua chenye makali pande mbili, kinachobanwa ndani ya mpini. Wataalamu wa chuma walimwambia haiwezekani kuikaza pua nyembamba kiasi hicho bila kujikunja. Mhandisi William Nickerson alipata njia ya kuikaza na kuinoa kwa mashine, na kampuni ikaundwa Boston mwaka 1901.

Mwaka wa kwanza wa mauzo, 1903, waliuza mashine za kunyolea, yaani mipini, 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata, hataza ilipotolewa, mashine zilizouzwa zilizidi 90,000. Bei ilikuwa dola 5, fedha nzito kwa mfanyakazi wa wakati ule. Faida ya kudumu ilikuwa kwenye wembe: aliyenunua mpini mara moja angerudi dukani maisha yake yote. Mpango huo wa biashara ulitaka wembe uwe rahisi kuuzwa popote, hata pale ambapo mpini haujulikani.

Miaka ileile Wajerumani walikuwa wakijenga reli ya kati. Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Baada ya Dodoma reli ilipita Kigwe, ikakata tambarare ya Bahi, ikaenda Kintinku na kupanda ukingo wa bonde. Wapagazi walipungua njiani, na biashara ikahamia kwenye stesheni, ambako wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka ya nguo, chumvi ya viwandani, majembe na visu.

Mhunzi aliumia kwanza. Jembe la kiwandani liliposhuka kwenye behewa, hapakuwa na sababu ya kuchoma makaa ya siku nyingi kupata chuma kidogo. Matanuri yakazimika katika sehemu kubwa ya nchi. Wahunzi waliobaki wakawa mafundi wa vyuma chakavu, kazi wanayoifanya mpaka leo kwa springi za magari.

1914 hadi 1920: Vita, na Mtunya

Vita vya Kwanza vya Dunia viliugeuza wembe wa Gillette kuwa kifaa cha umma. Barakoa ya kujikinga na gesi ilibana vizuri kwenye uso ulionyolewa, na Marekani ilipoingia vitani serikali yake iliagiza mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari. Vijana hao walirudi makwao wakiwa wamezoea kujinyoa wenyewe, na vinyozi wakapoteza wateja wa kila asubuhi.

Ugogo vita hivyohivyo vilileta kilio. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na inakadiriwa kuwa watu wapatao 30,000 walikufa. Kwa miaka mingi baadaye familia zilizopoteza mifugo hazikuwa na cha kuuza ili kununua bidhaa za dukani.

Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba wembe wa kisasa ulichelewa Ugogo kwa sababu ya umbali. Reli ilikuwapo tangu 1910. Kilichokosekana kilikuwa uwezo wa kununua, na uwezo huo ulichukuliwa na vita.

1921 hadi 1961: Wembe unafika peke yake

Hataza ya Gillette ilikwisha mwaka 1921. Kampuni ilijibu kwa hatua mbili: ilitoa mashine mpya iliyoboreshwa kwa dola 5, na mashine ya muundo wa zamani ikaishusha hadi dola 1. Huo ulikuwa mpini wa kwanza wa bei nafuu katika historia hii, na haukutokana na huruma. Washindani walikuwa wakijiandaa kutengeneza mipini na nyembe zinazofanana na zake. Ndani ya miaka michache wembe wa makali mawili ulitengenezwa katika nchi nyingi, na bei yake ikaanguka.

Tanganyika chini ya Waingereza, mpini uliwafuata waliovaa viatu, yaani karani, mwalimu, katekista, askari. Wanaume waliotumikia King's African Rifles katika Vita vya Pili, wengine hadi Burma, walirudi na mazoea ya jeshini, ambako kunyoa kidevu ilikuwa amri. Kati ya 1947 na 1951 mradi wa karanga wa Kongwa, mashariki ya Dodoma, ulimwaga mishahara katika eneo lililokuwa na fedha kidogo, kisha ukafa. Duka dogo la kijijini lilibaki, na ndani yake wembe uliofungwa kwa karatasi.

Wanunuzi wengi walichukua wembe mtupu. Mama aliunyoosha kati ya vidole viwili akamnyoa mtoto. Kinyozi wa chini ya mti aliuvunja katikati apate nyembe mbili kwa bei ya moja, nusu akaibana kwenye kijiti. Fundi cherehani alikatia nyuzi, mwanafunzi alichongea penseli, ngariba aliuweka mfukoni mahali pa kisu chake. Kipande cha pua chenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, kilichobuniwa kikae ndani ya kinga, kilitumika kikiwa wazi kabisa.

Wembe wa zama hizo ulikuwa wa pua ya kawaida, na ulishika kutu baada ya kulowa mara chache. Chuma kisichoshika kutu kilikuwa kimekwisha kupatikana: Harry Brearley wa Sheffield alikiyeyusha mwaka 1913, akichanganya kromi karibu asilimia 13, alipokuwa akitafuta metali ya mitutu ya bunduki. Kikaingia kwenye visu vya mezani haraka. Kwenye nyembe kilisubiri hadi 1962, Wilkinson Sword ya Uingereza ilipoanza kuuza wembe wake wa aina hiyo kwa wingi. Wembe mmoja ukanyoa mara nyingi kuliko ule wa zamani. Gillette, iliyokuwa ikiishi kwa kuuza nyembe zinazochakaa, ilisita, kisha mwaka 1963 ikafuata.

1961 hadi 1984: Ujamaa, uhaba na siri

Uhuru ulikuta Ugogo ikikabiliwa na ukame tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Dodoma iliwahamisha watu kutoka kaya zilizotawanyika hadi vijiji vya pamoja, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akakaa Chamwino kuhimiza. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka huohuo likaanzishwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ili nchi itengeneze vitu vyake vidogovidogo.

Biashara ilishikwa na kampuni za biashara za mikoa na maduka ya ushirika. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni vilizikausha rafu. Sabuni, sukari, dawa ya meno na nyembe vikawa bidhaa za foleni. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi walioficha bidhaa. Katika hali hiyo, wembe mmoja kwa watoto wote wa nyumba haukuwa uzembe, ulikuwa hesabu.

Kipindi hichohicho wembe uliingia katika jambo zito zaidi. Kati ya Dodoma na Singida ilienea imani kwamba maradhi ya sehemu za siri za mtoto wa kike, yaliyoitwa lawalawa, huponywa kwa kumkeketa. Ukeketaji, uliokuwa sehemu ya unyago wa hadhara, ukashushwa hadi kwa watoto wachanga na ukafanywa kimya. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliuharamisha kwa wasichana walio chini ya miaka 18, na usiri ukaongezeka. Wembe wa dukani, mdogo, wa bei ndogo na wa kutupa, ulifaa mno kwa kazi isiyotakiwa kuonekana. Utafiti wa afya ya jamii wa 2015 na 2016 ulionyesha asilimia 47 ya wanawake wa Mkoa wa Dodoma wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 18. Elimu, mangariba walioacha kazi hiyo na wasichana waliosema hapana wamefanya kazi ambayo bei ya wembe isingeweza kuifanya.

1983 hadi 2007: Mwenzako akinyolewa

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Njia kuu ya maambukizi ilikuwa kujamiiana, lakini damu kwenye makali nayo ilitajwa katika kila bango la zahanati: usichangie wembe, sindano wala mswaki. Hofu hiyo ilikuwa na msingi kwa maradhi mengine pia. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata juu ya makali yaliyokauka.

Tahadhari hiyo ilikuta mlango umefunguliwa. Kuanzia 1984 serikali ilikuwa imelegeza uingizaji wa bidhaa, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi soko lilijaa tena. Nyembe za India na za kampuni ya Gillette, kama Topaz na Nacet, zilipatikana hata kwenye genge. Kwa mara ya kwanza familia ya kawaida iliweza kununua wembe mpya kwa kila kichwa, na jandoni wazazi wakaanza kumpeleka kijana na wembe wake. Mwenzako akinyolewa, wahenga walisema, wewe tia maji; kizazi hiki kiliongeza sharti la kuja na wembe wako.

Vinyozi waligeukia mashine za umeme kadiri nyaya zilivyosogea vijijini. Hilo liliondoa sehemu ya hatari, mradi kinyozi apanguse meno ya mashine kwa spiriti kati ya mteja na mteja. Lakini kidevu, kwapa na kichwa kinachotakiwa king'ae vilibaki kazi ya wembe mtupu.

2007 hadi sasa: Nusu iliyosahaulika

Bahi ikawa wilaya mwaka 2007. Serikali ikahamia Dodoma kwa kasi kuanzia 2016, na reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imelazwa kupita Bahi kuelekea magharibi. Ofisi zimeongezeka, na watumishi wanaonyoa kila asubuhi wameongezeka nazo.

Ulaya na Marekani, wakati huo, historia ilikuwa imezunguka. Gillette ilitoa wembe wa makali pacha mwaka 1971, Bic ikaleta wa plastiki wa kutupa mzima mzima mwaka 1975, kisha makali yakawa matatu mwaka 1998. Vichwa vya kubadilisha vya nyembe hizo mpya vilipanda bei hadi baadhi ya wanyoaji wakarudi kwenye mpini wa babu na wembe mmoja wa makali mawili. Mafundi wadogo wakaanza kuchonga mipini kutoka kipande kizima cha chuma kisichoshika kutu. Wengi huchagua kile kiitwacho 316L, chenye kromi asilimia 16 hadi 18 pamoja na nikeli na molibdenamu, ambacho huvumilia maji ya chumvi kuliko aina za kawaida.

Kifaa hicho ni ghali kwa sababu zinazoeleweka. Chuma hicho hula vyombo vya kukatia, hukatwa polepole, na kung'arishwa kwake ni kazi ya mikono. Baadhi ya watengenezaji wameshusha bei kwa kuacha uso bila mng'ao wa kioo, kupunguza vipande vya kuunganisha, au kumimina chuma kwenye umbo badala ya kukichonga. Kampuni ya Rockwell ya Kanada, iliyochangiwa fedha na wanunuzi mwaka 2014, ilitumia unga wa chuma uliosukumwa kwenye kalibu na kuchomwa. Mipini mingi ya bei rahisi sokoni ni ya zinki iliyopakwa kromi. Hiyo hufanya kazi vizuri hadi pako linapobanduka, na maji ya visima yenye chumvi, kama yalivyo mengi katika Mkoa wa Dodoma, hayalipi pako muda mrefu.

Tukiiweka historia yote pamoja, hukumu iko wazi. Kilichowalinda watu wa Bahi ni wembe kuwa wa bei ya kutosha kila mtu awe na wake. Kilichowakosesha ulinzi kamili ni mpini kubaki mali ya mtu wa ofisini. Mpini wa chuma kisichoshika kutu hununuliwa mara moja, hurithiwa, na huhitaji wembe wa bei ya pipi tu. Ufundi wake hauzidi uwezo wa karakana ya Dodoma yenye mashine ya kukereza na fundi aliyefundishwa katika chuo cha ufundi cha VETA. Kazi ya SIDO tangu 1973 ni kuwasaidia watu kama huyo. Wahunzi wa nchi hii waliwahi kutengeneza nyembe zao kabla ya reli, na wajukuu wao wanaweza kutengeneza mipini.

Hadi mipini hiyo ipatikane, msomaji, tunza kanuni tatu zilizolipiwa kwa gharama kubwa: wembe wako usimpe mtu, kinyozi afungue mpya mbele ya macho yako, na ule uliokwisha makali uutie kwenye kopo lenye kifuniko, usiutupe jalalani ambako watoto hucheza.